Zahanati ya Karatasi

Sedekia Kalinga alikuwa mtu wa kinyaa tangu utoto wake. Waliomfahamu pale Kihesa, Iringa, walijua kwamba hali chakula cha msibani, hanywi pombe ya ulanzi kwa kikombe cha kupokezana, na akipewa mkono na mtu aliyetoka kupenga kamasi atatafuta namna ya kwenda kunawa bila kumwaibisha mwenzake. Mkewe, Tupokigwe, alikuwa akimtania kwamba angefaa kuzaliwa paka.

Kazi yake haikupatana hata kidogo na tabia hiyo. Idara ya maji ilikuwa imemwajiri kupima mito. Alisoma mbao zenye namba zilizosimikwa majini, akaandika kina cha siku hiyo, akaenda mto mwingine. Alianzia Ruaha upande wa Iringa, akashuka hadi mito ya Usangu kwenye daraja la Igawa, kisha akapeleka taarifa Mbeya. Siku kumi na zaidi za kila mwezi alikuwa kwenye matope na kinyesi cha ng'ombe, akilala katika nyumba za wageni ambazo shuka zake alizigeuza na kuzinusa kabla ya kujinyoosha.

Labda ndiyo maana alipenda picha kiasi kile. Picha haina harufu.

Mwaka 1971 Mgiriki mmoja aliyekuwa akilima tumbaku nje ya mji wa Iringa alifunga mizigo arudi kwao, na vitu asivyoweza kubeba akavitoa barazani. Sedekia aliondoka pale na kamera ya lenzi mbili, ile ya kutazamia kwa juu ukiwa umeinamisha shingo, mashine ya kukuzia picha, trei tatu za enameli na kitabu cha mafunzo ambacho kurasa zake za mwisho zilikuwa zimeliwa na mchwa. Stoo ya nyumba yake ikageuka chumba cha giza. Jumapili baada ya ibada aliziba kidirisha kwa blanketi mbili, akawasha balbu nyekundu, akajifungia humo mpaka saa ya chai, huku Tupokigwe akilalamika kwamba unga wa ugali umeanza kunuka dawa za picha.

Kupiga picha za kawaida, za watu waliosimama mbele ya ua kama wanaosubiri kuhukumiwa, kulimchosha upesi. Alitaka kujua kamera inaweza kufanya nini zaidi. Aliweka majani ya magugu juu ya karatasi ya picha, akayaanika juani, akapata vivuli vyeupe vyenye kila mshipa wa jani. Aliiweka kamera juu ya jiwe kando ya Ruaha, akaacha lenzi yake wazi huku akihesabu taratibu hadi nane, na maji yakatoka kama moshi uliolala. Siku moja alifunika nusu ya lenzi kwa kadi nyeusi, akampiga Tupokigwe akiwa ameketi ncha ya kushoto ya benchi na mwiko mkononi. Kisha bila kusogeza filamu akamhamishia ncha ya kulia, akafunika ile nusu nyingine, akampiga tena akiwa amenyoosha mkono kama anayeomba chakula. Picha ilipotoka, Tupokigwe wawili walikuwa wameketi benchi moja, mmoja akimnyima mwenzake. Mkewe alicheka hadi akakaa chini.

Picha hiyo Sedekia alikwenda nayo Mbeya, ofisini, ikazunguka kutoka meza hadi meza. Kwa njia hiyo ilimfikia Liberatus.

Liberatus alikuwa ndiye afisa anayesimamia vijiji vipya katika sehemu ile ya Usangu. Mwaka 1974 watu walikuwa wamehamishwa kutoka mashambani na malishoni mwao na kukusanywa pamoja, na kila afisa alikuwa na vijiji vyake vya kuvitolea taarifa. Alikuwa mtu nadhifu. Kaunda suti yake haikuwa na kunyanzi, kucha zake zilikatwa vizuri, na alinukia sabuni hata saa nane mchana. Sedekia alimpenda kwa hayo kabla hajamsikia akisema lolote. Liberatus alimwomba, safari ijayo ya Igawa, aingie ndani kidogo mpaka kijiji kinachoitwa Luhanji, akipige picha nzuri moja kwa ajili ya maonyesho ya Saba Saba pale Mbeya.

Ilikuwa mwezi wa tatu, 1975, na mvua ilikuwa haijaacha nafasi ya kitu kukauka. Land Rover ya idara iliwaacha yeye na Liberatus mahali ambapo njia ilikwisha, wakatembea. Sedekia alikisikia kijiji kwa pua kabla hajakiona. Wafugaji waliotoka kaskazini na ng'ombe wao walikuwa wamewekwa pamoja na wakulima, nyumba ishirini na kitu, nyingine hazina nyasi juu ila maturubai na ngozi. Ngozi zilikuwa zimeanza kuoza. Mashimo ya choo yalikuwa yamechimbwa upande wa juu, na mvua ilikuwa imeyajaza ikayamwaga, maji yakitelemka polepole, ya rangi ya chai ya maziwa, hadi kwenye dimbwi ambalo ng'ombe walikuwa wakinywa na akina mama wakichota. Nzi walitua mdomoni kila mtu alipofungua kinywa kusalimia. Sedekia alitoa leso akaishika puani, akajifanya ana mafua.

Katikati ya kijiji palikuwa na tofali zilizofunikwa nyasi na msingi wa mawe usiofika magotini. Hiyo, Liberatus alieleza, ndiyo zahanati. Mabati na saruji vilikuwa vimeshaombwa wilayani. Kando ya msingi huo alikuwa amekaa mwanamke kijana anayeitwa Roza, mke wa mfugaji mmoja, Shija, akimsafisha mtoto wake wa miaka miwili ambaye tumbo lilikuwa limemwendesha tangu asubuhi. Alimsafisha kwa majani, kisha kwa maji ya lile dimbwi. Shija alimkaribisha mgeni maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Sedekia aliona nzi wawili ndani, akasema daktari amemkataza maziwa. Shija akakirudisha kibuyu ndani.

Alipiga picha nne tu, harakaharaka, na hakupumua vizuri mpaka alipofika barabarani.

Picha zilipokauka, Liberatus alizitazama na kuzirudisha mezani kwa ncha ya kidole. Alisema hizo ni picha za aibu, na kwamba hakuna mtu atakayezitundika ukutani mbele ya wageni. Kisha akauliza, kwa sauti ya kirafiki, kama yule mke wa kwenye benchi aliwezekana kuwa wawili, kwa nini zahanati isiwezekane kuwa moja.

"Zahanati inakuja, ndugu Sedekia," alisema. "Sisi tunatangulia tu kuionyesha."

Ingekuwa vizuri kusema kwamba Sedekia alisita. Hakusita. Tangu atoke Luhanji alikuwa na harufu ile kooni, na kila alipoitazama picha yenyewe aliisikia tena. Kukisafisha kijiji kile, kukiosha kwa mikono yake mwenyewe juu ya karatasi, kulimvutia kama mtu mwenye upele anavyovutwa na kujikuna. Tena ilikuwa kazi ngumu, na hakuwa amewahi kuijaribu.

Alikwenda Mbalizi, ambako palikuwa na zahanati nzuri yenye kuta nyeupe na baraza. Alifika saa nne asubuhi, saa ileile aliyopiga Luhanji, akazunguka hadi akapata upande ambao kivuli cha jengo kilianguka kama vilivyoanguka vivuli vya zile nyumba za nyasi. Nyumbani Kihesa alikuza picha zote mbili, akapunguza na kuongeza hadi mlango wa zahanati ukalingana na kimo cha watu wa kijijini. Kisha akachukua wembe mpya. Alikata jengo la Mbalizi kwa kufuata ukingo wa paa, akalikwangua nyuma lipate wembamba wa ngozi ya kitunguu, akalibandika juu ya picha ya Luhanji. Mahali pa kulibandika palikuwa pamoja tu, palipokuwa na msingi, na hapo alikuwepo Roza na mtoto. Aliwakata. Walitoka kipande kimoja, kikamng'ang'ania kidoleni, akakipangusa ukingoni mwa trei.

Dimbwi alilifunika kwa wino na brashi ya nywele tatu. Mbingu nzito ya masika aliitoa, akaweka mawingu meupe aliyoyapiga juu ya milima ya Mbeya mwezi wa sita. Halafu akaipiga picha ile picha, ili mishono yote ipotee, na kutoka kwenye negativu mpya akatoa karatasi moja kubwa kama trei ya chai. Nyuma yake, kwa herufi nzuri, akaandika: Kijiji cha Luhanji na zahanati yake. Mpiga picha, S. Kalinga.

Tupokigwe aliisifu hasa mawingu.

Kwenye Saba Saba, Mbeya, picha ilitundikwa karibu na mlango wa banda. Watu waliisogelea, wakarudi nyuma, wakaisogelea tena. Mgeni mmoja wa heshima alimpa Sedekia mkono na kusema hiki ndicho kijiji. Liberatus alimletea kitenge kipya ampelekee mkewe, na kabla mwezi huo haujaisha yeye mwenyewe akapandishwa cheo na kuhamishiwa Iringa mjini. Sedekia alirudi nyumbani akijiona fundi. Kwa miezi miwili alizungumza na yeyote aliyetaka kusikia juu ya vivuli na kingo.

Mwezi wa kumi alikuwa Igawa, amechuchumaa chini ya daraja akisoma ubao, maji yakiwa machache na yenye utando wa kijani pembeni. Mtu aliegesha baiskeli juu, akashuka ukingoni. Sedekia hakumtambua mpaka alipofika karibu. Alikuwa Shija, amekonda, kichwa kimenyolewa.

Walisalimiana. Shija alikaa juu ya jiwe na hakufanya haraka.

"Wewe ndiye ulikuja na kamera wakati wa mvua," alisema.

Sedekia akakubali.

"Basi nisaidie jambo moja. Ile nyumba nyeupe uliiona wapi?"

Sedekia alitaka kuuliza nyumba ipi, na aliona aibu ya swali hilo kabla halijatoka. Shija akaanza kumweleza, kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno, akitazama maji.

Mwezi wa saba lori la mabati na saruji lilikuwa limesimama Igawa. Watu wa Luhanji walijua mabati yao yameombwa, wakamfuata dereva. Dereva akawaonyesha karatasi yenye jina la kijiji kingine. Walidhani ni makosa ya kuandika, wakangoja. Mwezi wa nane ugonjwa wa kuhara damu uliingia kijijini, kwanza nyumba za karibu na dimbwi, halafu zote. Zahanati ya karibu ilikuwa mwendo wa nusu siku. Shija na wazee wawili wakaenda wilayani kuomba dawa na kuuliza mabati. Karani aliwasikiliza vizuri tu. Kisha akafungua faili, akawageuzia ile picha ya Saba Saba, akauliza kijiji kimoja kinataka zahanati ngapi. Alisema dawa hupelekwa kwenye zahanati, na kama mhudumu wao amelala, wakamwamshe.

"Niliitazama sana," Shija alisema. "Nyumba yangu ipo. Mti wangu wa kufungia ndama upo. Nikamtafuta mke wangu, maana nilikuwa nimesimama pale pale wakati unapiga, nilimwona yupo kwenye msingi na mtoto. Hapo pana ukuta."

"Nilimkata," Sedekia alisema.

"Ulimkata na nini?"

"Kwa wembe."

Shija aliitika kwa kichwa, kama mtu aliyeelezwa njia. Alisema kwamba mtoto, Limbu, alifariki siku ya pili baada ya wao kurudi kutoka wilayani. Alikuwa wa nne kufa pale kijijini. Baada yake walikufa wengine watatu na bibi mmoja. Mwishoni Limbu alikuwa hatoi kitu tena, ila maji yenye uzi wa damu, na harufu yake ilikuwa imebadilika hata mama yake akawa anageuza uso, halafu analia kwa kuugeuza. Shija alilisema hilo bila kupandisha sauti. Kisha akainuka, akatema mate pembeni, si kwa kumwonyesha mtu, bali kama aliyeonja kitu kilichooza, akapanda kwenye baiskeli yake.

Sedekia alibaki na penseli mkononi. Hakuandika kina cha siku ile. Alijiinamia ukingoni akatapika chai yote ya asubuhi, na matapishi yakaelea juu ya ule utando wa kijani, yakakataa kwenda. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alitazama uchafu bila kuuona kuwa ni wa mtu mwingine.

Safari nzima ya kurudi Iringa alikuwa akijinusa mikono.

Alimweleza Tupokigwe siku hiyohiyo, saa kumi jioni, wamesimama uani. Hakuficha wembe, wala kile kipande kilichong'ang'ania kidoleni. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kama ndiyo ile picha aliyosifu mawingu yake, akaambiwa ndiyo hiyo. Tupokigwe aliingia ndani, akatoka amevaa gauni la zamani. Kile kitenge kilikuwa kimekunjwa mkononi, akakiweka mikononi mwa mumewe.

"Kirudishe kwa mwenyewe, Baba Lea. Mimi nimekwenda nacho kanisani mara tatu."

Asubuhi Sedekia alikwenda ofisini kwa Liberatus, mjini. Alimkuta ametandaza leso mezani anakula karanga, akizimenya moja moja na kupuliza maganda yasiguse suti. Ile harufu ya sabuni, ambayo zamani Sedekia aliiona kuwa harufu ya mtu mwenye adabu, sasa ilimkamata kooni kuliko ngozi za Luhanji. Alimweleza habari ya watoto. Alisema ni lazima waende wote wawili wilayani, leo au kesho, waseme ukweli, mabati yapelekwe.

Liberatus alisikitika. Alisema maneno yote yanayosemwa misibani, na akayasema vizuri. Halafu akasema kuhara kulikuwepo Usangu tangu enzi za Wajerumani, na zahanati ipo kwenye mpango, itajengwa, na kuvuruga taarifa za kijiji kimoja ni kuvuruga za vijiji vyote. Alimenya karanga nyingine.

"Halafu nikukumbushe," alisema. "Nyuma ya ile picha kuna jina la mtu mmoja. Silo langu."

Sedekia alitazama zile kucha safi zikimenya karanga. Alijua kwamba mikono yake mwenyewe ilikuwa safi vilevile, imekatwa kucha vilevile. Ndicho kilichomchafua moyo zaidi ya yote, kwamba hakuona tofauti. Aliweka kitenge juu ya meza, juu ya maganda, akatoka bila kuaga.

Mchana huo aliziba kidirisha cha stoo kwa mara ya mwisho. Aliitafuta negativu ya kwanza, ile ya mwezi wa tatu. Chini ya mwanga mwekundu karatasi ilianza kujaa taratibu ndani ya dawa: kwanza ngozi, halafu dimbwi, halafu Roza, halafu mtoto, uso umegeukia kamera, na ute umemshuka kutoka puani hadi mdomoni. Zamani alikuwa akipenda sana dakika hiyo ya picha kujitokeza. Sasa alitamani ikome. Alijilazimisha kukaa hapo mpaka kila kitu kikatokea, akatoa nakala mbili.

Alikwenda wilayani na nakala moja, nakala nyingine ya picha ya zahanati ya Mbalizi, kadi ya kukatia juu yake, wembe, na barua ya kurasa tatu. Aliyempokea alikuwa mzee wa ofisi aliyekaribia kustaafu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mzee alisoma barua mara mbili. Kisha akamwomba aonyeshe jinsi inavyofanyika. Hapo mezani, mbele ya makarani waliokusanyika, Sedekia alikata tena jengo, akaliweka juu ya Roza na mwanawe, akaliinua, akaliweka. Karani mmoja, yule aliyewafukuza akina Shija, alisema Mungu wangu, kwa sauti ndogo. Sedekia aliona usoni mwake alama aliyoijua vizuri, ile ya mtu anayemtazama mwenzake kama nzi ndani ya maziwa. Aliona ni haki yake.

Mzee hakumkaripia. Alimwambia aache vyote hapo na asisafiri mbali.

Nakala ya pili aliipeleka Luhanji mwenyewe. Shija hakuwepo, alikuwa malishoni. Roza alikuwa mlangoni akichambua mchele. Sedekia alisema aliyokuja kuyasema, kwa ufupi, maana kila neno lilikuwa na ladha mbaya. Kisha akatoa picha. Ilikuwa picha ya pekee ya mtoto yule.

Roza alifuta mikono kwenye kanga, akaipokea, akaiweka karibu na macho. Alikaa nayo hivyo hata kuku wakaanza kula mchele kwenye ungo wala asiwafukuze.

"Mbona hukuniambia nimfute pua?" alisema.

Roza alipitisha kidole gumba pale usoni mwa mtoto, juu ya karatasi, mara moja, mara ya pili, kama kinaweza kutoka. Halafu akasimama, akaingia nayo ndani. Sedekia alingoja kidogo, akaona hatoki, akaenda zake.

Hukumu ya mambo ilitoka vipandevipande. Sedekia aliondolewa kwenye mito, akahamishiwa stoo ya mabomba pale Mbeya, mshahara ukashushwa daraja moja, na Tupokigwe akahama naye bila kunung'unika. Kamera na mashine ya kukuzia alimpelekea mwalimu mmoja wa sekondari aliyekuwa akivitamani muda mrefu. Hakumfundisha hila yoyote, alimwonyesha tu pa kuwekea filamu. Liberatus alipata barua ya onyo, akaendelea na kazi yake Iringa. Wakati mwingine Sedekia alimwona barabarani pale Mbeya, amekuja kikazi ndani ya gari la serikali, kola yake nyeupe, na kila mara mate yalimjaa mdomoni akaishia kuyameza.

Mabati yalifika Luhanji mwaka 1977, karibu miaka miwili baadaye. Dereva aliyeyapeleka alipita stoo kuchukua mabomba ya kisima, akasimulia kwamba paa limeshapigwa, na muuguzi mmoja anayeitwa Lusia amefika na sanduku la dawa, na vyoo vimehamishiwa upande wa chini. Shija alikuwa miongoni mwa waliopanda juu kupigilia misumari. Dereva alidhani anamletea mwenzake habari njema, na zilikuwa njema. Sedekia alimshukuru, akamsainisha, akamsaidia kufunga mzigo kwa kamba.

Kisha alikaa juu ya bomba akangoja furaha, haikuja. Alijisikia kama mtu aliyemaliza kutapika: tumbo limetulia, mwili umepoa, lakini mdomo bado mchungu.